Friji ya mwenye nyumba imekufa, uliza kwanza imekufa kwa nini

Ukipanga nyumba yenye vitu ndani, yani friji ipo, jiko lipo, mashine ya kufulia ipo, kiyoyozi, hita ya maji, we unaingia na begi lako la nguo tu, kuna siku kimoja kati ya hivo kitagoma. Hilo halina mjadala. Mjadala unaanza muda mfupi baadae, mpangaji anapiga simu "friji yako imeharibika", mwenye nyumba anajibu "mimi nilikukabidhi nzima", na hapo wanaanza kuvutana nani alipe kabla hata mtu mmoja hajaivuta ile friji kutoka ukutani akaangalia nyuma kuna nini.

Mi naona tunauliza swali la pili kabla ya la kwanza. Nani alipe inategemea kitu kimeharibika kwa nini, na jibu la hiyo kwa nini halipo kwa mwenye nyumba wala kwa mpangaji, lipo kwa fundi mwenye bisibisi na mita ya umeme. Kimechoka kwa umri wake, ni juu ya mwenye nyumba. Kimefungwa vibaya tangu siku ya kwanza, mwenye nyumba tena. Mtu amekitumia ndivyo sivyo, mpangaji alipe na asilete maneno. Umeme umerudi kwa kishindo ukakiunguza, hapo pana utata kidogo, ntaufikia.

Hicho cha kuchoka kwa umri kuna wenye nyumba kinawauma kweli, wanakwambia unaitumia wewe, inachakaa mikononi mwako, sasa mimi natengeneza kwa lipi. Kwa lile la kodi. Nyumba ile ile ikiwa tupu ingepangishwa kwa hela ndogo zaidi, ile nyongeza ndo malipo ya kutumia vitu, na kutumia ndo kuchakaza kwenyewe, hakuna namna nyingine ya kutumia mashine ya kufulia. Mtu anayechukua kodi ya nyumba yenye friji halafu friji ikizeeka anataka mpangaji ainunue mpya huyo anataka kulipwa mara mbili kwa kitu kimoja.

Mfano mzuri ni kiyoyozi manake hapo ndo wapangaji wanaliwa sana. Kimeacha kupoza, anakuja fundi, anasema gesi imeisha, anajaza, mwenye nyumba anasema gesi ni matumizi tu kama umeme na maji kwa hiyo mpangaji alipe. Ukisikia haraka haraka inaingia akilini ila sio kweli. Gesi ya kiyoyozi haichomwi wala haiishi kwa kutumika, inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, inabeba joto la chumbani inaenda kulitema nje inarudi, ni ile ile miaka na miaka. Ikipungua manake imevuja. Ama nati ya kwenye maungio haikukazwa vizuri siku ya kufunga, ama koili, yale mabomba membamba yaliyokunjwa kunjwa ndani ya kiyoyozi, imeliwa na kutu, ama kuna mahali bomba linasuguana na ukuta likatoboka. Fundi anayejaza bila kutafuta inapovujia amekuwekea tu miadi ya kurudi, na mpangaji anayelipia hiyo gesi kila inapopungua anamtengenezea mtu mali yake kidogo kidogo bila kujua.

Lakini kiyoyozi hicho hicho kina lile chujio la vumbi la mbele, unainua kifuniko unalichomoa, unaliosha bombani unaliacha likauke. Hilo ni la mpangaji asilimia mia. Likiziba hewa haipiti, koili inaganda barafu, barafu ikiyeyuka maji yanaanza kudondokea kitandani, na chumba hakipoi. Umeona? Lalamiko ni moja, hakipozi, na ukilitazama kwa nje tu huwezi kujua ni la nani.

Mashine za kufulia ndo zina vituko zaidi. Zile za kupakia mbele zikitoka kiwandani zinakuja na bolti ndefu nyuma za kushikilia dramu isichezecheze njiani, zinatakiwa kutolewa kabla mashine haijawashwa hata mara moja, na kuna watu wanazisahau humo humo. Ikifika kwenye kukamua inatembea jikoni kama ina mapepo, kelele mpaka jirani anagonga ukuta, na mpangaji anaambiwa "unajaza nguo nyingi sana". Igeuze nyuma. Ukikuta vichwa vya bolti bado vimo, kesi imeisha hapo hapo, fedha ya bearingi zinazoshika dramu na kila kilichoharibika inatoka kwa aliyeifunga. Kwa upande mwingine, chini kwenye kona pale mbele kuna kamlango kadogo, ndani yake chujio la pampu, we weka beseni chini na ufungue taratibu maji yatamwagika. Nimeshaona likitolewa chujio la mtu aliyekuwa analalamika mashine mbovu haitoi maji: sarafu, pini ya nywele, waya wa sidiria, kifungo cha shati, na donge la nyuzi na nywele linalonuka vibaya mno. Sarafu zako mwenyewe huwezi kumpigia nazo simu mwenye nyumba. Ila chujio likiwa safi na pampu imeungua kwa uzee, hiyo yake.

Friji nayo. Mpira wa mlango ukichoka, chukua karatasi, funga mlango juu yake, vuta, ikiteleza ikatoka bila kushikwa popote basi baridi inatoka hivo hivo usiku na mchana, kompresa, ile mota inayosukuma gesi ya kupoza, haipumziki, na bili ya umeme unalipa wewe, kwa hiyo usinyamaze ukasubiri mpaka ife kabisa. Mpira ni mali ya kuchakaa, mwenye nyumba abadilishe. Kingine ni barafu ya frizaa kuchokonolewa kwa kisu. Jamani. Chini ya ile barafu, kwenye nyingi za zamani, kuna vinjia vya gesi ndani ya bati jembamba sana, kisu kikipenya unasikia tu psss na hiyo ndo sauti ya dipoziti yako ikiondoka, friji nyingi zikishatobolewa hapo kutengeneza hakulipi. Zima, fungua mlango, weka taulo chini, subiri. Hapo sina utetezi kwa mpangaji hata kidogo.

Sasa umeme. Umeme ukikatika ukarudi papo hapo, kompresa inajaribu kuanza wakati presha ndani bado haijatulia, inakwama, inapata moto, na ikirudiwa rudiwa inaungua, ndo maana vile vilinzi vya friji vinasubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme upite. Nani akinunue hicho kilinzi? Mi nasema mwenye nyumba, kinalinda mali yake na kitabaki na mali yake mpangaji akishahama. Kama hakukiweka na umeme ukaunguza, mpangaji hajafanya kosa lolote, alichomeka friji ukutani tu kama friji zote duniani. Ila kama kilikuwepo na mpangaji akakichomoa apate tundu la chaja ya simu, mambo yamegeuka. Na kama nyaya za nyumba ndo mbovu, soketi imeyeyuka, hamna waya wa ardhini, hiyo sio habari ya friji tena, hiyo ni habari ya nyumba na haina cha kugawana.

Sheria inasemaje? Inategemea uko nchi gani na zinapishana kuliko watu wanavyodhani. Kuna kesi ya Uingereza ya mwaka 1843, Smith dhidi ya Marrable, mi huwa inanifurahisha kila nikiikumbuka. Familia imepanga nyumba yenye samani kule Brighton kwa wiki 5, wameingia wamekuta kunguni, wakasema hatukai hapa, wakaondoka kabla muda haujaisha, mwenye nyumba akaenda mahakamani kudai kodi iliyobaki. Akashindwa. Mahakama ikasema ukipangisha nyumba yenye samani unakuwa umeshaahidi hata kama hukutamka kwamba inafaa kukaliwa na binadamu. Kwa nyumba tupu enzi hizo ahadi ya namna hiyo haikuwepo, ukipanga tupu ni macho yako, lakini ukipangishiwa na vitanda na viti basi unategemea uingie ulale. Baadae mwaka 1895 katika kesi nyingine wakaweka mpaka, kwamba ahadi hiyo ni ya siku ya kuingia tu, mwenye nyumba hakuahidi kwamba hali itabaki nzuri mpaka mwisho. Ilibidi ije sheria ya 2018 ndo nyumba za kupanga England zikatakiwa zifae kukaliwa muda wote wa upangaji.

Kwenye vifaa vyenyewe ndo kuna kichekesho. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya Uingereza ya 1985, kifungu cha 11, inamtaka mwenye nyumba atunze mfumo wa kuleta maji, gesi na umeme, masinki, vyoo, kupasha nyumba joto na maji ya moto, halafu inasema wazi kabisa kwamba vifaa vinavyotumia huo umeme na hayo maji havimo. Yani hita imo, friji haimo. Friji inasubiri mkataba useme. Ukivuka ukaenda Marekani, ile sheria ya mfano ya 1972 ambayo majimbo kadhaa yaliichukua inamtaka mwenye nyumba atunze katika hali nzuri na salama vifaa vyote alivyovitoa yeye au alivyotakiwa kuvitoa. Hapo friji imo, jiko limo. Ufaransa wao waliamua kutaja kitu kimoja kimoja, amri ya 2015 inaorodhesha vitu ambavyo nyumba bila hivo haiwezi kuitwa ya samani, mpaka friji lazima ije na frizaa au walau iwe na sehemu inayofika nyuzi 6 chini ya sifuri, mpaka mapazia au kitu kingine cha kuzuia mwanga madirishani chumba cha kulala. Mi huo utaratibu wa kutaja ndo naupenda, manake unaua ubishi kabla haujazaliwa.

Kwa sababu hiyo popote ulipo mkataba wako ndo wa kuangaliwa, na mikataba mingi ya nyumba hizi inaandika "nyumba ina samani" basi, neno la mwisho. Samani gani, ngapi, za hali gani, nani anatengeneza, hakuna. Halafu kuna hii ya "nimewaachia tu". Mwenye nyumba alihama akaacha maikrowevu na feni mbili, unaingia unazikuta, unadhani ni za nyumba, zikifa anasema zile sikuwapangishia, niliwaachia tu mtumie. Na kusema ukweli akiwa aliandika hivo tangu mwanzo ana haki, kitu cha hisani sio kitu cha kodi. Shida ni kwamba hisani hii huwa inakumbukwa siku kitu kimeharibika, siku ya kutangaza nyumba maikrowevu ilikuwa kwenye picha ya kwanza kabisa. Mi nikikuta kitu kwenye picha ya tangazo nakihesabu ni sehemu ya kodi, na nikiambiwa ni hisani naomba iandikwe, na kama sikitaki naomba kitolewe. Na hata hisani haimruhusu mtu akuachie kitu kinachopiga shoti.

Kifungu kingine cha kukitolea macho ni hiki cha "matengenezo madogo madogo ni juu ya mpangaji". Madogo yanaishia wapi? Mwenye nyumba atakwambia hata kompresa ni tengenezo dogo. Ujerumani mahakama zinakubali kifungu hiki ila kiwe na kikomo kwa kila tengenezo, na kikomo kingine kwa mwaka mzima, na kiguse vile tu mpangaji anavyovishika mara kwa mara kama koki za maji, swichi, vitasa. Hata kama nchi yako haina kitu kama hicho hakuna anayewakataza nyie wawili kuandika kikomo chenu. Weka kiasi. Kiasi kikiandikwa, "dogo" linajulikana.

Siku ya kukabidhiana funguo watu wanahesabu vitu, viti sita, meza moja, friji moja, saini. Hiyo orodha inasema friji ipo, haisemi inapoza. Washa vyote. Najua inachosha na mwenye nyumba anaangalia saa, lakini washa plate zote za jiko na oveni, endesha mashine ya kufulia mzunguko mfupi mpaka ifike kukamua, fungua maji ya moto uyashike kwa mkono, kiyoyozi kiache kifanye kazi mnapoendelea kuongea. Piga video, na kwenye video sogeza kamera karibu na kile kibandiko chenye namba ya mashine na mwaka wa kutengenezwa, hicho kibandiko ndo kitakusaidia kuliko kitu kingine chochote siku mtakapokuwa mnabishana kuhusu umri. Halafu mtumie video mwenye nyumba siku hiyo hiyo, isikae kwenye simu yako tu. Wenye nyumba wenye akili nao wanapenda hii, inawalinda pia.

Kitu kikigoma andika meseji, hata kama mmeongea kwa simu andika. Na usiandike lawama, andika dalili. Kitu kama "Shikamoo mama, friji tangu jana jioni haipozi, taa ya ndani inawaka, kompresa inasikika inajaribu kuwaka inazima, nimeichomoa nimeichomeka soketi nyingine hali ni ile ile, naomba fundi wako aje aangalie, mi nipo nyumbani kuanzia saa kumi na moja jioni." Linganisha na "mama friji yako mbovu nataka nyingine". Ya kwanza mama anamtumia fundi anamwambia hebu nenda kaangalie, ya pili anakutumia hasira. Na fundi akija, mwombe aandike kwenye risiti sababu ya kuharibika, sio kile alichobadilisha peke yake. "Kubadilisha kompresa" haisaidii mtu. "Kompresa imeungua, relay ilikuwa imechoka", yani kile kiswichi cha kuiwashia kompresa, inamaliza mjadala. Kama fundi ni wa mwenye nyumba na huamini alichosema una haki ya kuleta wako, kwa hela yako, na mkalinganisha.

Kuna wale wanaokwambia "tengeneza tu utakata kwenye kodi". Sawa, ila usiguse hela mpaka kiasi kimeandikwa na amekubali, na kile kifaa kilichotolewa usikiache kiondoke na fundi, kiweke mpaka mwenye nyumba akione. Nchi nyingine kukata kodi bila ruhusa kunahesabika umeshindwa kulipa kodi, na unaweza kujikuta unatolewa kwa deni wakati we unajiona ndo unayedai. Na mkinunua kipya kabisa semeni ni cha nani. Kama kimekatwa kwenye kodi ni cha mwenye nyumba, usije ukabeba siku ya kuhama.

Jiko la gesi na hita ya gesi hazisubiri meseji wala kikomo. Moto ukiwa wa njano wenye masizi badala ya bluu gesi haiungui vizuri, na kwenye chumba kilichofungwa inatoa kaboni monoksaidi ambayo haina harufu wala rangi na inaua mtu usingizini. Zima, fungua madirisha, toka, ndo upige simu. Uingereza mwenye nyumba analazimika kuita mtaalamu aliyesajiliwa akague vifaa vyake vya gesi kila miezi 12 na mpangaji apewe nakala, na hata pale ambapo hakuna sheria ya hivo mi naona mwenye nyumba anayepangisha jiko la gesi bila kulikaguza anacheza na roho za watu, sina lugha laini ya kusema hilo.

Tuseme sasa imethibitika ni mpangaji, frizaa imetobolewa kwa kisu. Alipe nini? Wenye nyumba wengi wanasema friji mpya. Hapana, maana friji iliyokufa haikuwa mpya. Mashine ambayo kwa kawaida inadumu miaka 10 na ilikuwa na miaka 7 ilikuwa imebakiza miaka 3, kwa hiyo mpangaji ameharibu miaka 3 ya mashine na hiyo ndo anayodaiwa, yani sehemu 3 kati ya 10 za bei, na kama tengenezo ni rahisi kuliko hapo basi alipe tengenezo. Mwenye nyumba akitaka kununua mpya na anunue, ile tofauti ni yake. Hapo ndo kile kibandiko cha mwaka kinarudi kazini, na risiti ya kununulia kama anayo aitoe, na kama hana mkatafute friji ya aina hiyo na umri huo inauzwaje mitumbani, mkubaliane hapo na dipoziti iliyobaki irudishwe.